Maji machafu ya mgodi uliofungwa: ruzuku ya miaka mitatu ikiisha, nani analipa mwaka wa nne?

Mwalimu_Kasese

Habari zenu ndugu zangu.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, na ni katibu wa kamati ya wakazi wa bonde la mto Nyamwamba. Kwa wasiopajua, juu yetu milimani ndiko uliko mgodi wa shaba wa Kilembe. Ulianza kazi 1956 chini ya kampuni ya Falconbridge ya Kanada. Reli ililetwa mpaka Kasese kwa ajili yake na shaba ikawa inapelekwa kuyeyushwa Jinja. Miaka ya 1970 serikali ikauchukua, mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ukasimama. Watu walitawanyika, lakini vilima vya mabaki ya mwamba uliosagwa vimebaki kando ya mto, na maji ya chini ya mgodi bado yanaingia Nyamwamba.

Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yalichota mabaki hayo na kuyamwaga kwenye makazi na mashamba. Mwaka 2020 hata hospitali ya Kilembe iliharibiwa. Jirani yangu shamba lake la mahindi lilifunikwa na mchanga wa kijivu wenye michirizi ya manjano. Jua likiwaka siku mbili tatu, juu yake panafanya ukoko wa chumvichumvi, mweupe wenye ukijani kidogo. Mahindi anayopanda pale huota vizuri, hufika magotini, halafu majani yanaanza kukauka kutokea nchani. Ameshahama kipande kile na sasa analima cha kukodi.

Kule bondeni kulikuwa na lundo la pairiti (madini ya chuma na salfa) yenye kobalti, limerundikwa tangu enzi za mgodi. Lilivuja miaka mingi kuelekea Hifadhi ya Malkia Elizabeth na Ziwa George. Kiwanda cha kobalti kilichoanza 1999 kililichakata lundo hilo kwa miaka kadhaa, lakini pale maji yalipokuwa yakipita ndani ya hifadhi vipara vipo, majani hayaoti.

Sasa swali langu. Shirika moja limetujia na kusema tuandike nao maombi ya ruzuku ya miaka mitatu ya kusafisha maji ya mgodi. Wanataka bajeti mwisho wa mwezi huu. Wenzangu kwenye kamati wamefurahi sana na wameanza kuchagua mahali pa kujenga bwawa. Mimi ndiye nitakayeandika, na kila nikikaa na kalamu nakwama palepale: mwaka wa nne? Maji hayajui kwamba mradi umekwisha. Nchi nyingine zenye migodi iliyoachwa zinapata wapi pesa hizi, na wanafanyaje ziendelee? Naomba wenye ujuzi mnisaidie, na msinifiche palipo pagumu.

---

Mzalendo_Nzega

Mwalimu, pole sana. Ila mimi naona mnaanza kwa mlango wa nyuma. Kwa nini muombe msaada kwa jambo ambalo lina mwenyewe? Aliyechimba akauza shaba ndiye asafishe. Hapa kwetu Nzega mgodi wa Golden Pride ulifungwa 2014 kampuni ikiwa bado ipo, na kazi ya kufunga ikafanywa na wenye mgodi wenyewe. Falconbridge watafutwe huko waliko. Na serikali yenu iliyouchukua nayo ijibu.

---

Mwanasheria_Tabata

Kaka Mzalendo, kwa haki umesema kweli. Kisheria njia hiyo ina miiba. Falconbridge ilinunuliwa na Xstrata 2006, na Xstrata ikaungana na Glencore 2013. Ukienda kudai utaambiwa mgodi ulitaifishwa, na aliyeutaifisha ndiye aliyerithi madeni yake.

Tazameni Kabwe, Zambia. Mgodi ule wa risasi na zinki ulifanya kazi karibu karne nzima, ukataifishwa miaka ya 1970, ukafungwa 1994. Watoto wa pale wana risasi kwenye damu hadi leo. Wakazi walipojaribu kufungua kesi ya pamoja dhidi ya Anglo American, kampuni iliyohusika na mgodi huo kabla ya kutaifishwa, huko Johannesburg, Mahakama Kuu ilikataa kuiruhusu Desemba 2023. Na usafishaji wenyewe? Mwishoni mwa 2016 Zambia ilipata dola milioni 65.6 kutoka Benki ya Dunia, na ule ni mkopo. Maana yake mama anayeuza nyanya Kabwe analipia uchafu alioukuta.

Sisemi wasidai. Wadai. Lakini kesi inaweza kula miaka kumi na tano, na mto hauwezi kungoja hukumu.

---

Bakari_Johnstown

Mwalimu, salamu kutoka Johnstown, Pennsylvania. Mimi ni mtu wa Tanga, huku naendesha katapila la kijiko kwa mkandarasi mdogo anayejenga na kukarabati mabwawa ya kusafishia maji ya migodi ya makaa ya mawe. Ninachokueleza ni kazi ninayoifanya kila wiki.

Hapo ulipokwama ndipo wengi walipaswa kukwama kabla ya kuanza kujenga.

Mwamba wenye pairiti ukishapasuliwa, hewa na maji vikaufikia, unatengeneza tindikali ya salfa. Tindikali hiyo inayeyusha chuma, na kwenu inayeyusha shaba na kobalti pia. Itaendelea hivyo vizazi na vizazi. Huku kuna migodi iliyoachwa kabla babu yangu hajazaliwa na inatoa maji ya rangi ya chungwa mpaka leo. Jimbo hili peke yake lina zaidi ya kilomita 8,000 za mito na vijito vilivyoharibiwa namna hiyo. Kwa hiyo yeyote anayekuambia mradi "utamaliza tatizo" ndani ya miaka mitatu, muulize atamaliza nini hasa.

Pesa za huku zimetoka hivi. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoweka ada kwa kila tani ya makaa inayochimbwa: senti 35 kwa mgodi wa juu, senti 15 kwa mgodi wa chini ya ardhi. Ada inaingia kwenye mfuko wa kukarabati migodi iliyoachwa kabla ya sheria hiyo. Yaani wachimbaji wa leo wanalipia mashimo ya kampuni zilizokufa. Ni wazo zuri na limefanya kazi kubwa. Ila ada ile haikupanda na bei za vitu, baadaye ikapunguzwa, na tangu 2021 ni senti 22.4 na senti 9.6. Juu ya hapo makaa yanayochimbwa yamepungua sana. Mfuko unaotegemea tani unanywea, maji yako palepale. Mkifikia kuzungumza na serikali yenu habari ya kutenga sehemu ya mrabaha wa madini (malipo ya mchimbaji kwa serikali), likumbukeni hilo.

Mwaka 2021 Bunge likaongeza dola bilioni 11.3 kwa miaka 15 kutoka hazina kuu. Pennsylvania ikapangiwa kiasi cha dola milioni 245 kwa mwaka. Watu walishangilia, nami nilishangilia kwa sababu ni kazi. Lakini kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, majimbo hayakuruhusiwa kuweka akiba kutoka kwenye pesa hizo kwa ajili ya kuendesha mitambo na mabwawa miaka ya mbele. Ujenge sana, ukishamaliza ujitafutie. Vikundi vidogo vya wakazi, wale wazee wanaokwenda kufungua valvu Jumamosi asubuhi, ndio waliopiga kelele, na Desemba 2022 ikarekebishwa. Sasa jimbo linaweza kutenga hadi asilimia 30 kwenye akaunti yenye riba kwa ajili ya maji ya tindikali. Hebu ona: nchi tajiri namna hii, na mwaka wa nne ulisahaulika kwenye sheria.

Nikueleze ninachokiona nikiwa kwenye kijiko. Mfumo wa bei nafuu ni bwawa lililojazwa mawe ya chokaa. Maji yenye tindikali yanapita polepole katikati ya mawe na ukali wake unakatwa, kisha yanaingia bwawa la pili kutulia. Humo chuma kinaganda na kuzama, kinakuwa tope la rangi ya chungwa. Hakuna umeme, hakuna dawa ya kununua kila siku. Siku ya uzinduzi maji yanatoka meupe na viongozi wanapiga picha. Miaka inapita. Alumini inaganda kati ya mawe, nyeupe na nzito kama uji wa mchele, na chuma kinafanya gamba. Nikichota jiwe na kulivunja, ndani ni zima kabisa, kijivu kilekile cha siku lilipoletwa, lakini nje limefungwa na gamba gumu na maji hayaligusi tena. Maji yanapanda juu ya mawe, yanatafuta njia ya mkato, yanaingia mtoni vilevile yalivyotoka mgodini. Dawa ni kuyachota mawe, kuyapindua na kuyaosha, kuongeza mapya, kisha kunyonya tope la bwawa la pili na kulipeleka mahali pa kulihifadhi. Si kazi ngumu. Lakini katapila lina mafuta, dereva ana mshahara, na lori la mawe haliji bure. Nimefika kwenye mabwawa yaliyojengwa kwa ruzuku safi kabisa nikakuta matete yamenizidi urefu na bomba limeziba, kwa sababu hakuna aliyeacha hata senti ya kuniita mapema. Roho inauma.

Utaratibu ninaoukubali kuliko yote hapa ni wa amana. Kampuni ambayo bado ipo na maji yake yanahitaji kusafishwa daima, inatoa mtaji mkubwa mara moja na unakabidhiwa mdhamini. Mtaji unawekezwa, faida ndiyo inayonunua chokaa na kulipa watu. Kampuni ikifilisika kesho, kijito hakina habari.

Jambo la mwisho, maana ninyi ni migodi ya metali, si makaa. Hapa Marekani migodi ya metali haina mfuko kama ule wa makaa. Sheria yake kuu ni ya 1872 na haitozi mrabaha. Tena kulikuwa na hofu kubwa: mtu au kikundi kikigusa maji ya mgodi wa zamani kwa nia njema, sheria ya maji ingeweza kukihesabu kuwa mchafuzi. Agosti 2015 huko Colorado mafundi waliokuwa wakifanya kazi kwa niaba ya mamlaka ya mazingira ya serikali walifukua mlango wa mgodi wa Gold King, na maji kama lita milioni 11 yakatoka kwa kishindo. Mto Animas ukawa wa manjano ya haradali. Desemba 2024 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuwalinda wenye nia njema, kwa majaribio, vibali 15 tu. Kwa hiyo kabla hamjachimba bwawa, pata barua ya serikali inayosema nani anawajibika kwa maji hayo bwawa likipasuka. Kamati ya kijiji isibebe mzigo huo.

---

Zuhura_Bochum

Shikamooni. Mwalimu, kaka Bakari kagusa amana, nami nikupe mfano wa huku niliko, bonde la Ruhr, Ujerumani.

Huku ardhi imezama kwa sababu ya makaa yaliyotolewa chini, mahali pengine zaidi ya mita 20. Pampu zikizimwa, sehemu ya miji itageuka maziwa, na maji ya mgodini yenye chumvi yatapanda kuchanganyika na maji ya kunywa. Zinapiga mchana na usiku na hakuna tarehe ya kuzizima. Walilijua hilo mapema, kwa hiyo 2007, mgodi wa mwisho ukiwa bado unafanya kazi, wakaanzisha taasisi inayoitwa RAG-Stiftung. Wakaipa mali: kampuni kubwa ya kemikali, Evonik. Ikawa inauza hisa kidogo kidogo na kuwekeza. Mgodi wa mwisho ulifungwa Bottrop Desemba 2018, na kuanzia 2019 taasisi ndiyo inalipia pampu, zaidi ya euro milioni 200 kila mwaka.

Najua utasema Kasese haina Evonik. Ninachotaka ukione ni mwaka: 2007 na 2018. Pesa ilikusanywa wakati mgodi bado una watu, una mapato na una wanasiasa wanaoujali. Ukishafungwa, nani atakuja mezani?

---

Mwalimu_Kasese

Nawashukuru sana, nimesoma na kurudia. Dada Zuhura, hilo la miaka limenifungua. Mwaka 2017 serikali ilivunja mkataba na kampuni ya Kichina iliyokuwa imekodishiwa Kilembe, na baada ya hapo kulikuwa na mazungumzo ya miaka kadhaa ya kumpata mwekezaji mwingine. Kwa hiyo kwetu mlango haujafungwa. Mgodi unaweza kuwa na mapato tena.

Kaka Bakari, sasa nifanye nini na hii ruzuku? Niikatae? Wanakamati watanitoa ukatibu. Na kusema kweli kuna akina mama wanaosomba maji Nyamwamba leo jioni. Siwezi kuwaambia wasubiri mkataba wa mwekezaji.

---

Mzalendo_Nzega

Usikatae pesa, mwalimu! Hapo kaka Bakari asikupoteze. Mtu mwenye kiu haangalii mwaka wa nne.

---

Bakari_Johnstown

Ndugu yangu Mzalendo, tuko pamoja kuliko unavyofikiri. Mwalimu asikatae. Abadilishe kinachoombwa.

Mwalimu, pesa ya miaka mitatu inafaa kazi zinazofanywa mara moja zikakaa. Kwenu naziona mbili. Ya kwanza ni maji ya bomba ya mserereko, yanayoteremka yenyewe bila pampu, kutoka kijito cha juu ambacho hakijapita mgodini, ili mama asichote tena Nyamwamba. Hapo fedha ya kutunza inapatikana, maana watu hulipia bomba linalotoa maji, kidogo kidogo kila mwezi, na kamati za watumia maji zimezoeleka kote Afrika Mashariki. Ya pili ni vile vilima vya mabaki vilivyo ukingoni. Mto ukifurika tena utavichota tena. Kuinua ukingo kwa kuta za mawe ndani ya nyavu za waya, kuchimba mitaro juu ya kilima ili mvua ipite pembeni, kufunika kwa udongo na kupanda nyasi, hiyo ni kazi ya vijana wenu wenyewe na inapunguza sumu mtoni kuliko bwawa dogo la maonyesho. Haihitaji chokaa kila mwaka. Inahitaji kukaguliwa baada ya masika, basi.

Bwawa la kutibu maji ya mgodini liwekeni kando kwa sasa. Hilo ni la amana. Mwekezaji akija, maji ya zamani yaingizwe kwenye mkataba wake kabla ya tani ya kwanza kutoka, na pesa ikae kwenye mfuko wenye mdhamini, isiyoguswa na kampuni wala wizara. Ikibaki kwenye hesabu za kampuni itaondoka na kampuni.

Ila ili mkae kwenye meza ile mnahitaji namba, na hapa ruzuku yenu inaweza kusaidia sana. Rangi ya maji haimshawishi mtu wa fedha. Anataka kujua kilo ngapi za shaba na kobalti zinaingia mtoni kwa siku, na hiyo inapatikana kwa vitu viwili: kiasi cha maji na kipimo cha maabara. Kiasi cha maji mnaweza wenyewe. Penye mfereji mdogo, tega bomba fupi, weka ndoo ya lita 20 chini yake, hesabu sekunde hadi ijae. Penye mkubwa, zibeni kwa ubao wenye pengo la umbo la V na mpime kina cha maji nyuma kidogo ya ubao, upande maji yanakotokea, kuanzia usawa wa ncha ya chini ya pengo. Mwalimu wa fizikia shuleni kwako ana kanuni yake. Fanyeni kila mwezi, mahali palepale, masika na kiangazi. Sampuli zipelekwe maabara angalau mara moja kila msimu, na chupa ziandikwe tarehe, saa na mahali kwa wino usiofutika. Wekeni fungu la maabara kwenye bajeti kwa miaka yote mitatu. Likikatwa hilo, pigeni kelele kuliko lingine lolote.

---

Mwanasheria_Tabata

Naongeza dogo kwa mwalimu. Daftari hilo la vipimo lisainiwe kila mwezi na watu wawili, mmoja wa kamati na mwingine wa nje, kwa mfano mwalimu mwenzako au mhudumu wa afya. Siku mkiamua kudai, iwe kwa serikali au kwa mrithi wa kampuni, hiyo ndiyo itakayosomwa. Na mwombe mwanasheria wa huko Uganda aangalie kipengele cha uwajibikaji kabla ya kusaini chochote na shirika hilo.

---

Mwalimu_Kasese

Nimeelewa. Jumamosi nakutana na kamati. Nitapeleka mapendekezo haya: bomba la mserereko, kuta za ukingo, na upimaji wa miaka mitatu, bwawa tutaliondoa kwenye maombi, nitaeleza kwa nini. Najua mwenyekiti atauliza bwawa limekwenda wapi maana alishawaahidi watu. Nitamsomea habari ya mawe yenye gamba.

Mwenzangu wa fizikia ameshakubali kukata ule ubao wa pengo la V. Kaka Bakari, anauliza pengo liwe na pembe ya nyuzi ngapi?

---

Bakari_Johnstown

Tisini. Ndiyo ya kawaida na kanuni yake iko kwenye vitabu vingi. Ila kama mfereji una maji kidogo sana kiangazi, akate na mwingine mwembamba wa pembe ndogo, ndipo kina kitasomeka vizuri. Ukingo wa pengo uwe mkali upande maji yanakotokea, na maji yaanguke huru upande wa pili, yasigusane na yaliyoko chini. Akishafunga, nitumie picha hapahapa kabla hamjaanza kuandika namba.